Hewa Kwanza, Rangi Baadaye

Ukimuuliza mtu anayepaka rangi modeli ndogo ununue brashi gani ya hewa, atakujibu kwa namba. Sifuri nukta mbili. Sifuri nukta tatu. Sifuri nukta tano. Hizo ni milimita, kipimo cha tundu ambalo rangi hupitia kabla ya kukutana na hewa na kugeuka ukungu. Ukiendelea kumsikiliza utagundua kwamba namba hizo zina vyeo. Mwenye 0.5 ni mwanafunzi, mwenye 0.3 ni fundi, na mwenye 0.2 ni mtu wa kuheshimiwa. Hakuna anayelisema hivyo waziwazi, lakini ndivyo sauti zao zinavyopanda na kushuka.

Mimi nimechagua 0.5, na ningependa kueleza kwa nini, maana sababu yenyewe haimo katika jedwali lolote la kulinganisha bidhaa.

Ninasoma mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya usanifu majengo hapa Dar es Salaam. Utafiti wangu unahusu namna watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wanavyopanda na kushuka melini mahali ambapo hakuna gati. Meli inasimama mbali na ufuko, mara nyingi usiku, na mitumbwi inaifuata ikiwa imejaa abiria, kuku, magunia ya dagaa na madumu ya mawese. Kwa muda wa dakika chache kunakuwa na mji mzima juu ya maji, halafu meli inapiga honi na mji unavunjika. Swali langu la kitaaluma ni kama mji huo wa dakika chache unaweza kuchorewa ramani. Kwa maonyesho ya mwisho wa mwaka natengeneza modeli ya sehemu moja ya ufuko kwa kipimo cha 1/200, na ufuko bila meli ungekuwa mchanga mtupu. Kwa hiyo ilibidi niiunde MV Liemba.

Kwa kipimo hicho, meli yenye urefu wa zaidi ya mita 71 inakuwa na karibu sentimita 36, yaani imeizidi kidogo rula ya shuleni. Mtu mzima ana urefu wa milimita nane au tisa. Uzio wa sitaha unafika nusu sentimita. Na hapa ndipo rangi inapoanza kuwa tatizo, kwa sababu kila kitu kinaweza kupunguzwa mara mia mbili isipokuwa rangi. Tabaka lenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita, ambalo ukilipaka kwa brashi ya kawaida hata hulioni kuwa nene, kwenye kipimo cha 1/200 ni sawa na sentimita mbili za rangi kwenye meli yenyewe. Hiyo ni plasta. Madirisha yanaziba, ngazi zinakuwa miteremko, na mistari ya brashi inaonekana kama matuta ya viazi. Ndiyo maana watu wa modeli hupuliza rangi badala ya kuipaka. Ukungu mwembamba hutua, hukauka, na tabaka linalofuata hutua juu yake bila kuficha kilichopo chini.

*

Liemba yenyewe ilianza kama modeli ya kununua dukani, ile inayokuja vipande vipande ndani ya boksi. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, katika kiwanda cha Meyer, mwaka 1913. Ilipokamilika ilifumuliwa tena, vipande vyake vikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, vikasafirishwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma, ambako iliunganishwa upya. Ilishushwa majini mwaka 1915 ikiwa na jina la Graf von Götzen, gavana aliyekuwa akitawala Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati Vita vya Maji Maji vilipoanza. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini yake grisi nzito wakitumaini kwamba siku moja itarudi kufanya kazi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari, sasa ikiitwa Liemba.

Nimeisoma habari ya grisi hiyo mara nyingi kuliko habari ya vita vyenyewe. Watu waliokuwa wanashindwa, wenye haraka, walitenga muda wa kupaka kitu juu ya chuma ili kukinga kile kilicho chini. Baba yangu alipoisikia hakushangaa. Alisema, “Fundi yeyote angefanya hivyo. Kazi ya rangi si urembo, mama. Ni kuzuia.”

Baba ni mtu wa Kigoma. Alipanda Liemba akiwa mtoto, akifuatana na bibi aliyekuwa akiuza mawese. Alikuja Dar es Salaam akiwa kijana, akajifunza kupiga rangi magari, na kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka shahada ya kwanza. Kwa hiyo niliposema natafuta kifaa cha kupulizia rangi, nilikuwa nazungumza na mtu aliyekishika kifaa cha namna hiyo kwa miaka ishirini na mitatu. Tofauti ni kwamba tundu la bunduki yake ya rangi lilikuwa la milimita 1.4.

*

Brashi ya hewa ina umri mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1876 Mmarekani Francis Edgar Stanley alipata hataza ya kifaa cha kunyunyizia rangi, na miaka mitatu baadaye Abner Peeler wa Iowa akatengeneza chake. Ilipofika miaka ya 1890, Charles Burdick akaja na muundo ambao mpaka leo ungeutambua: kitu chembamba kama kalamu, kikombe kidogo cha rangi, na kitufe cha kidole cha shahada. Kabla ya kufika kwenye modeli za ndege na meli, vifaa hivi vilitumika zaidi kwenye picha, kurekebisha nyuso na kutia rangi mashavu ya watu waliopigwa picha za rangi nyeusi na nyeupe.

Ndani yake hakuna siri. Kuna sindano ndefu inayokaa katikati ya nozeli kama kizibo. Ukiirudisha sindano nyuma, nafasi inafunguka na rangi inatoka. Hewa inayopita kwa kasi pembeni yake inaibeba na kuipasua kuwa matone madogo mno. Yote mengine ni maswali matatu.

La kwanza ni kitufe. Katika brashi ya tendo moja, kitufe kinafungua hewa tu, na kiasi cha rangi unakiweka kwa kuzungusha skrubu kabla hujaanza. Katika brashi ya matendo mawili, unabonyeza kupata hewa na kuvuta nyuma kupata rangi, yote kwa kidole kimoja, na unaweza kubadilisha kiasi huku mkono ukitembea. Ya pili inachukua muda kuizoea, lakini ukishaizoea hutaki kurudi.

La pili ni rangi inakaa wapi. Kama iko kwenye chupa chini ya brashi, hewa inabidi iivute juu, na hiyo inahitaji presha zaidi. Kama iko kwenye kikombe juu, inashuka yenyewe kwa uzito wake, presha ndogo inatosha, na matone machache yanatosha kupaka boya. Kwa mtu anayenunua rangi kwa chupa ya mililita kumi, kikombe cha juu hakina mpinzani.

La tatu ni ile namba. Hapa ndipo nilipokaa wiki tatu.

*

Kulikuwa na brashi mbili mbele yangu. Moja ilikuwa Iwata ya Japani, sindano ya 0.2, ya mtumba lakini imetunzwa kama pete ya ndoa. Mwenye nayo alikuwa mchoraji aliyekuwa akihama, rafiki wa mwalimu wangu mmoja, naye aliitaka shilingi laki tatu na nusu. Ya pili ilikuwa ya China, haina jina la maana, niliyoikuta Kariakoo katika duka la vifaa vya keki, kwa sababu wapambaji wa keki nao hupuliza rangi. Ilikuja na nozeli na sindano tatu, 0.2, 0.3 na 0.5, kwa shilingi elfu sabini.

Nilikuwa na laki nne na ishirini, malipo ya kusimamia semina za mwaka wa kwanza kwa muhula mzima. Kumbuka kwamba brashi bila kompresa ni mapambo. Kompresa ndogo yenye tangi, kipimo cha presha na kichujio cha maji ilikuwa laki mbili na thelathini. Tangi ni muhimu kwa sababu bila hilo hewa inatoka kwa mapigo na rangi nayo inatoka kwa mapigo. Kichujio ni muhimu zaidi kwa mtu wa Dar es Salaam, maana hewa yetu imejaa maji. Ukiikandamiza, maji yanajitenga, yanatembea ndani ya mpira, na tone moja likitoka katikati ya rangi nyeupe umeharibu kazi ya siku mbili.

Mwenye Iwata alikuwa tayari kulipwa kwa awamu. Kompresa ningeweza kuazima. Nilikwenda mara mbili kwake kuishika tu. Ilikuwa nzito kwa namna ya kupendeza, na kitufe chake kilirudi bila kelele. Alinipulizia mstari kwenye karatasi, mwembamba kama unywele, bila kutetemeka. Niliwaza kamba za mlingoti, maandishi ya ubavuni, mistari ya kutu inayoshuka kutoka kwenye matundu ya nanga.

Nikamwonyesha Baba video ya ule mstari. Akaitazama mara mbili, akanirudishia simu.

“Kizuri. Sasa utapitisha nini humo?”

Nikamwambia rangi ya maji, akriliki.

“Itaziba. Humo pita NC na thina ya kutosha, itoke kama moshi. Rangi ya maji na joto hili, itakaukia mdomoni kabla haijafika kwenye meli.”

Alikuwa sahihi, na nilijua yuko sahihi kwa sababu kila mtu mwenye uzoefu anasema hivyohivyo. Akriliki ya maji hukauka upesi kwenye ncha ya sindano, na kadiri tundu linavyokuwa dogo ndivyo punje ndogo ya rangi iliyokauka inavyotosha kuliziba. Rangi za thina hupita kirahisi, hushika plastiki vizuri, na hukauka zikiwa laini kama yai. Zaidi ya hayo, rangi ya NC ninaipata kwa bei ya chai kwa wenzake wa zamani, na ndani ya nyumba yetu yupo mtu anayejua kuichanganya kwa jicho. Kila hoja ya kiufundi ilielekea kwenye Iwata na thina.

Ila Baba hawezi tena kukaa karibu na thina.

*

Gereji aliyofanyia kazi haikuwa na chumba cha kupulizia rangi. Walipiga rangi uani, chini ya turubai, na upepo ukigeuka waligeuza gari. Kinga yao ilikuwa kitambaa kilichofungwa usoni, na jioni kila mpiga rangi alipewa paketi ya maziwa. Wote waliamini kwamba maziwa husafisha kifua. Baba alikuwa anatuletea nusu ya paketi yake nyumbani, na mimi nilikua nikidhani kwamba maziwa ni kitu kinachotoka gereji.

Maziwa huenda tumboni. Ukungu wa rangi huenda mapafuni. Njia hizo mbili hazikutani, na hakuna kiasi cha maziwa kinachoweza kufuata kilichovutwa kwa pumzi. Rangi za magari zinazochanganywa na hadena zina kemikali ziitwazo aisosayanati, ambazo zinajulikana kwa muda mrefu kuwa chanzo kikubwa cha pumu ya kazini kwa wapiga rangi. Ubaya wake ni kwamba mwili unaweza kuvumilia kwa miaka, halafu siku moja unakataa. Ukishakataa, hata kiasi kidogo sana kinatosha kuamsha shambulio. Kitambaa hakizuii chochote. Hata barakoa ya vichujio si kinga ya kutegemea kwa mtu anayepuliza rangi hizo kutwa. Anachohitaji ni hewa safi inayoletwa kwa mpira kutoka nje.

Mwili wa Baba ulikataa mwaka wangu wa pili wa shahada ya kwanza. Alianza kukohoa usiku, kisha mchana, kisha akashindwa kupanda ngazi za daladala bila kusimama kwanza. Daktari alimwuliza anafanya kazi gani kabla hajamwuliza jambo jingine lolote, akamwambia asirudi. Sasa anamsaidia mama gengeni, na pampu yake ya pumu inakaa kwenye mfuko wa shati, pale ilipokuwa ikikaa penseli ya kuwekea alama. Harufu ya thina, hata ya jirani anayepaka mlango, inamfanya aushike mfuko huo.

Kwa hiyo kulikuwa na njia rahisi. Ningenunua Iwata, ningetumia NC, na ningepakia rangi yote chuoni, kwenye karakana yenye madirisha mapana, halafu ningemletea Baba meli iliyokamilika aitazame. Msimamizi wangu alinishauri hivyo. Ingekuwa meli nzuri. Pengine ingekuwa nzuri kuliko hii ninayoitengeneza.

Lakini nilitaka awepo. Sikutaka kumletea kitu kilichokwisha, kama mgonjwa anayeletewa picha za harusi. Huyu ndiye mtu pekee ninayemfahamu aliyelala kwenye sitaha ya meli hiyo, na ndiye mtu pekee ninayemfahamu anayeweza kusikia rangi ikitoka vibaya kabla haijaonekana. Kama angekuwepo, rangi ilibidi iwe ya maji. Kama rangi ni ya maji, na ni Dar es Salaam, na ni mwezi wa pili, basi tundu lilibidi liwe kubwa. Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye 0.5.

Siyo kwamba rangi ya maji ni ya kuvutwa. Ukungu wowote ni ukungu, na kilichomo ndani yake ni plastiki na unga wa rangi. Fedha iliyobaki baada ya brashi na kompresa niliinunulia barakoa yenye vichujio, ya kwangu mimi, na kwa boksi la televisheni na feni ya mezani nikatengeneza kibanda kidogo kinachosukumia hewa nje kupitia dirisha la nyuma. Tulimwuliza daktari. Alisema Baba asikae chumbani wakati napuliza. Kwa hiyo anakaa nje upande wa mbele, upepo unakotokea, chini ya mwarobaini, na ananitazama kupitia wavu wa dirisha kama mtu anayefuatilia mpira kwenye televisheni ya jirani.

*

“Hewa kwanza,” alisema siku ya kwanza. “Rangi baadaye. Ukimaliza, funga rangi kwanza. Hewa mwisho.”

Nilikuwa nimelisoma hilo katika mafunzo yote. Ukifungua rangi kabla hewa haijatulia, inatema. Ukifunga hewa kabla ya rangi, inabaki ncha ya sindano ikiwa na tone, na tone hilo litatemwa safari ijayo. Lakini kusoma jambo na kuambiwa jambo hilohilo kupitia wavu na mtu anayelijua kwa kidole ni vitu viwili tofauti. Alinifanya nibonyeze hewa tupu mara ishirini juu ya kipande cha plastiki, bila rangi yoyote, mpaka kidole kikaacha kufikiri.

Mengine yalifuata. Anza kutembeza mkono kabla hujavuta rangi, na usisimame mpaka umepita ukingo, maana mahali unaposimama ndipo panapolia. Kila pita ifunike nusu ya pita iliyotangulia. Tabaka la kwanza lisifunike kitu. Likifunika umeweka nyingi. Kwenye gari, alisema, wapiga rangi wachanga hujulikana kwa tabaka la kwanza, kwa sababu wanataka kuiona rangi yao upesi.

Alinirekebisha presha bila kuiona. Kompresa ilikuwa kwenye 25, nami nilikuwa naona rangi ikifika kwenye plastiki ikiwa kavu, yenye vumbi. “Inapiga kelele,” alisema kutoka nje. “Punguza.” Niliishusha mpaka 18, na mlio ukabadilika kutoka filimbi kuwa pumzi. Rangi ikatua ikiwa mbichi, ikajilaza.

Kuchanganya ndiko kulikompa kazi zaidi, kwa sababu akriliki hakuwahi kuitumia. Nilimletea kikombe nje, na maji, na matone machache ya kichelewesho ambacho hufanya rangi isikauke haraka. Akakizungusha kikombe, akaitazama rangi ikishuka ukutani mwake. Watu wa modeli husema iwe kama maziwa. Sikulitamka neno hilo. Yeye ndiye aliyelitamka. “Kama maziwa haya ya paketi,” alisema, “siyo yale ya ng'ombe,” na akanirudishia kikombe.

Kila baada ya dakika mbili tatu nafuta ncha ya sindano kwa brashi yenye maji, kwa sababu hata 0.5 inaziba. Kila baada ya rangi nafungua brashi yote, nasukutua kikombe, nachomoa sindano na kuifuta kuelekea ncha, kamwe si kinyume chake, isije ikapinda au ikanichoma. Kusafisha kunachukua muda mrefu kuliko kupuliza. Hili nalo lilikuwa katika hesabu yangu. Nozeli ya 0.2 ni ndogo kuliko punje ya mchele, na uzi wake unaweza kukatika ukiikaza kwa nguvu. Ile ya 0.5 naweza kuishika kwa vidole, na ikivunjika naipata ya elfu chache palepale ninaponunua unga wa keki.

Kuna kitu 0.5 haiwezi, na sitaki kukificha. Haichori unywele. Maandishi ya jina la meli nitayakata kwenye karatasi ya kunata na kuyapulizia juu yake, na kamba za mlingoti zitakuwa nyuzi zilizopakwa kabla ya kufungwa. Mtu mwenye jicho atagundua. Kwenye maonyesho kutakuwa na watu wenye jicho, na alama zangu ziko mikononi mwao.

*

Mpaka sasa prima ya kijivu imekauka, na nyeupe ya sehemu ya juu imefika tabaka la nne. Nyeupe ni rangi ngumu, haifuniki vizuri, na inataka uvumilivu. Madirisha yote bado yapo. Ngazi ni ngazi. Nikiinamisha kichwa na kuitazama usawa wa maji, kwa sekunde moja hivi haina kipimo.

Kilichobaki ni kutu. Liemba isiyo na kutu ni uongo. Meli iliyozaliwa 1913 ina haki ya kuonyesha umri wake, na ubishi wangu wote wa kitaaluma ni kwamba matumizi huacha alama. Watu wa modeli huipenda kutu kuliko rangi yenyewe. Kuna watu wanaonunua unga wa kutu wa rangi sita. Nilipomweleza Baba mpango huo alinyamaza kidogo, halafu akacheka mpaka nikatazama mfuko wake wa shati.

“Miaka ishirini na mitatu nimepiga msasa kutu,” alisema. “Nimesoma watoto watatu kwa kuondoa kutu. Wewe uende chuo ukajifunze kuirudisha?”

Nilijaribu kumweleza. Nilitumia neno “uhalisia” mara mbili. Alisikiliza kwa adabu, kama anavyowasikiliza wateja wanaotaka kukopa unga, kisha akaomba aione picha ninayoifuata. Aliikuza kwa vidole viwili. Akaanza kunionyesha kutu inapoanzia: kwenye maungio ya mabati, chini ya matundu ya maji, pale mnyororo unapogusa ubavu. Hapa haiwezi kuwepo, alisema, hapa maji hayakai. Hii ya hapa si kutu, ni uchafu wa moshi. Hii ndiyo kutu mbaya, inatoka ndani.

Nikamwambia kwamba kwa 0.5 siwezi kuchora mistari myembamba kama hiyo, labda ningeweza kama ningekuwa na ile nyingine.

“Kutu haipulizwi,” alisema. “Kutu inagusagusa.” Akamwita mama alete sifongo ya kuoshea vyombo, akaing'oa kipande kidogo kama punje ya harage, akakichovya kwenye rangi ya kahawia niliyoichanganya, akakikausha kwanza kwenye gazeti mpaka kikabaki karibu kitupu, na akanyoosha mkono kupitia mlangoni. Brashi ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, na feni imekwisha kutoa hewa yote ya chumba.

“Lete hiyo meli huku nje,” alisema, “kwenye mwanga.”